Kipimo cha Insulini Baada ya Upasuaji wa Neva ya Vagasi

Neva ya vagasi hutoka kwenye ubongo, hupita kifuani kando ya umio na kufika tumboni. Mojawapo ya kazi zake ni kuziamsha tezi za tumbo zitoe tindikali mtu anaponusa au kutafuna chakula. Kwa sababu hiyo, mwaka 1943 daktari mpasuaji Lester Dragstedt wa Chicago alianza kuikata ili kutibu vidonda vya tumbo. Hata hivyo, matawi yake ni membamba, na tawi moja likisalia tezi huweza kuendelea kupokea amri. Ili kulitambua tawi hilo, Franklin Hollander alipendekeza kipimo cha insulini katika miaka ya 1940.

Msingi wa kipimo

Insulini hushusha sukari katika damu. Ubongo unapokosa sukari, hupeleka amri tumboni kupitia vagasi. Neva ikiwa imekatwa kikamilifu, amri haifiki na tindikali haiongezeki.

Utaratibu na tafsiri

Mgonjwa hufunga kula usiku kucha. Mrija hupitishwa puani hadi tumboni, na majimaji ya tumbo hukusanywa kila dakika 15 kwa saa moja. Kisha insulini, uniti 0.2 kwa kila kilo ya uzito, hutolewa kwenye mshipa, na ukusanyaji huendelea kwa saa mbili.

Kwa kigezo cha Hollander, jibu ni chanya tindikali ikipanda kwa milimoli 20 kwa lita kuliko awali, au milimoli 10 iwapo hapo awali haikuwapo kabisa. Jibu hasi huaminika pale tu sukari ya damu iliposhuka chini ya takriban milimoli 2.5 kwa lita. Isiposhuka, ubongo haukuamshwa na kipimo hakikuthibitisha lolote. Aidha, jibu chanya halimaanishi kwamba kidonda lazima kirudi.

Hatari zake

Sukari inaposhuka kiasi hicho, mgonjwa hutoka jasho, huchanganyikiwa, na anaweza kupata degedege au kuvurugika kwa mapigo ya moyo. Ndiyo maana wenye maradhi ya moyo au kifafa hawakupaswa kupimwa hivi, na glukosi ya kudunga ilipaswa kuwa tayari kando ya kitanda. Njia iliyo salama zaidi ni kumpa mgonjwa chakula akitafune na kukitema, huku tindikali ikipimwa.

Leo hii

Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua bakteria aina ya Helikobakta pailori tumboni. Tiba ya bakteria huyo, pamoja na dawa kama omeprazoli, imeufanya upasuaji wa vagasi kuwa nadra.

Ndugu msomaji, ikiwa uliwahi kufanyiwa upasuaji huo na maumivu yamerudi, usidhani mara moja kwamba neva ilisalia. Omba upimwe bakteria, na umtajie daktari dawa zote za maumivu unazotumia, hususan aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Mweleze pia kama unatumia omeprazoli, kwani huweza kuficha bakteria katika kipimo. Vidonda vikirudi bila sababu hizo, homoni ya gastrini katika damu ichunguzwe. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitali bila kuchelewa.