Kufundisha Somo la Kanzidata: Kutoka Seva Moja Hadi Kundi la Seva

Katika mazoezi ya kufundisha tumewaona wanafunzi-walimu wakilianza somo hili kwa kuandika ubaoni maana ya kanzidata, nao watoto wakainakili pasipo kuielewa. Sisi twaona ni heri kuanza na kitabu cha mahudhurio.

Mwalimu na aulize: kitabu hiki kimoja kikilowa, nani atajua siku alizohudhuria kila mmoja wenu? Hapa Kinondoni mfano u karibu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliharibu nyumba nyingi katika bonde la Msimbazi, na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Mabwepande. Mtoto anayeingia shule mpya hali kumbukumbu zake zimekwenda na maji hana cha kumwonyesha mwalimu mkuu.

Kisha waitwe watoto watatu wenye madaftari. Wa kwanza ndiye seva ya zamani. Wawili wanakili daftari lake. Wakiwa katikati ya kunakili, darasa litaje majina mapya naye ayaandike. Hapa ndipo penye kiini cha somo, wala mwalimu asipaharakishe: kazi haisimami kwa sababu tunanakili. Kwa hiyo kila ingizo lipewe namba. Aliyenakili hadi namba 40 ataendelea na 41, 42, mpaka amfikie wa kwanza.

Sasa wamchague kiongozi. Ingizo lihesabiwe tu wawili kati ya watatu wakishaliandika. Kiongozi akitolewa nje, waliobaki wamchague mwingine na kuendelea.

Watauliza kwa nini wasitoshe wawili. Watenganishe wawili kwa mlango: kila mmoja atadhani mwenzake hayupo, aandike lake, na madaftari yatapingana. Watatu huvumilia kumkosa mmoja, watano wawili. Wanne hawawashindi watatu, maana wengi wa wanne ni watatu.

Tahadhari moja husahauliwa hata na mafundi. Kiongozi akiamriwa kimakosa kufuta jina, madaftari yote matatu yatalifuta. Hivyo daftari la nne halina budi kufungiwa kabatini, katika jengo jingine. Na watatu hao wasikae dawati moja; seva tatu zinazotegemea waya mmoja wa umeme huzimika pamoja.

Kipindi ni dakika 40. Mchezo upewe 30. Yule aliyetolewa nje akirudi, asiandike jipya kabla ya kunakili namba alizozikosa. Mara nyingi watoto wenyewe humkumbusha kwa kelele, nasi twashauri mwalimu asizikatize.