Bustani ya Ukutani

Muhula huu nimepewa nafasi niwaeleze habari za ubao wa matangazo uliopambwa kwa sura ya bustani, namna unavyotengenezwa, na kazi yake katika maktaba na madarasa. Mtu aweza kudhani hili ni jambo dogo la kupamba ukuta. Mimi naliona ni jambo la mtu kusoma au kutosoma. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyefundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza huingia maktaba, akakuta rafu zimejaa vitabu vya Kiingereza, akageuka akarudi bwenini. Yafaa kitu cha kwanza kitakachomkabili mlangoni kiwe ni kitu anachokijua, na sisi wa Shinyanga twaijua miti.

Mara nyingi ubao wa namna hii hujazwa maua yaliyokatwa katika kalenda za nchi za baridi, na juu yake yakaandikwa maneno ya kukaribisha wageni. Maua hayo ni mazuri, sibishi, lakini hakuna mwanafunzi atakayetoka nje akayatafute. Wengine huandika majina ya walioshinda mtihani ndani ya petali za alizeti. Hilo silipendi. Bustani ya watoto kumi tu haiwahusu mia tatu waliobaki.

Basi tuanze na mbuyu. Chora shina lake nene kwa karatasi ya kahawia, kisha chini yake weka kadi yenye majina yake: kwa Kisukuma ng'wandu, kwa Kiswahili mbuyu, kwa Kiingereza baobab, na kwa jina la kitaalamu Adansonia digitata. Neno la mwisho ni la kuogofya mpaka ueleze asili yake. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden wa karne ya 18, aliupa mti huo jina la Mfaransa Michel Adanson aliyeuchunguza huko Senegal, na digitata maana yake ni wenye vidole, kwa sababu jani lake limegawanyika kama kiganja. Mtoto akilishika jani lenyewe na kuhesabu vidole vyake, hatalisahau neno hilo. Kadhalika mkwaju, Tamarindus indica, jina lake limetoka katika Kiarabu, maana yake tende ya India. Na migunga yetu, ambayo vitabu vya zamani huiita Acacia, sasa wataalamu wameigawa katika Vachellia na Senegalia, baada ya mabishano yaliyoamuliwa katika mikutano ya Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011. Yapasa kuliandika jambo hilo ubaoni, maana mwanafunzi atakutana na jina moja katika kitabu na jingine katika kitabu kipya, akadhani ni miti miwili.

Sasa, kadi isiyo na namba ya rafu ni pambo tupu. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba alizozibuni Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876. Vitabu vya elimu ya mimea viko 580, vya matunda na misitu 634, vya bustani na mboga 635, hadithi za mapokeo 398, na historia ya Tanzania 967.8. Chini ya mbuyu andika 580 kwa wino mwekundu, na pia 398, kwa kuwa mbuyu una hadithi nyingi kuliko mti mwingine wowote. Mtoto atafuata namba kama afuatavyo njia ya kisimani.

Jambo lililo kubwa zaidi ubaoni kwetu ni ngitili. Wazazi wanaijua, lakini wenzetu wengi waliokulia mjini hawaijui. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, nyasi zikarefuka na miti ikachipua, kisha hulifungua wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokosa chakula. Zamani nchi hii ilikuwa na mapori, lakini kuanzia miaka ya 1920 mengi yalifyekwa ili kumfukuza mbung'o, na mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamaliza yaliyobaki. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendelea hadi mwaka 2004. Mradi huo uliirudia desturi ya ngitili. Mwanzoni ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000 katika mkoa wa wakati ule, kabla sehemu zake hazijaingia Simiyu na Geita mwaka 2012. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Habari hii ni ya hapa hapa, na mwanafunzi wa Shinyanga akiijua jangwa la Sahara kuliko ngitili ya babu yake, ubao una kazi ya kufanya.

Kwa hiyo twaacha pembe moja ya ubao, tunaizungushia ua wa vijiti, nayo twaiita ngitili. Kila mtu aliyesoma kitabu huandika swali moja gumu alilolipata humo, akalikunja na kulitia ndani. Hakuna ruhusa ya kuyafungua. Majuma matatu kabla ya mtihani ua hufunguliwa na wote hulisha. Mwenye haraka atalalamika, lakini malisho yaliyoliwa kabla ya wakati hayasaidii kiangazi.

Vifaa si vya gharama. Boksi kubwa lililokunjuliwa hutosha kuwa ubao, gunia kuukuu hulifunika, na uji mzito wa unga wa muhogo huwa gundi. Majani yakaushwe kati ya kurasa za magazeti, juu yake yawekwe matofali, na magazeti yabadilishwe kila baada ya siku moja au mbili mpaka majani yakauke kabisa. Msitumie vitabu vya maktaba kukandamiza, maana majimaji ya majani huviharibu. Herufi za kichwa ziwe na urefu wa kidole, zipate kusomeka kutoka mlangoni. Ubao usiguse sakafu, kwani mchwa wa huku hawachagui kati ya boksi na elimu. Minyaa ichorwe tu, isikatwe, kwa sababu utomvu wake ukiingia machoni waweza kupofusha.

Madarasani bustani yaweza kuwa ya hesabu. Pimeni mvua kila asubuhi, na kila mwezi simamisheni ubaoni bua moja la mtama, milimita 10 za mvua kwa sentimita 1 ya bua. Mwezi wa mvua ya milimita 150 bua litakuwa la sentimita 15, na Julai huenda msiwe na bua kabisa. Hiyo ni grafu. Kata ya Kambarage ina jina la Mwalimu Nyerere, na kwa Wazanaki jina hilo ni la mzimu wa mvua, hivyo ni haki mvua ihesabiwe hapa. Wenzetu watokao Geita wana somo lao pia: wachimbaji wadogo wa dhahabu hukinga kuta za mashimo kwa magogo wayaitayo matimba. Miti hiyo yatoka wapi, na nani aipanda? Swali hilo ni la Jiografia, nalo laweza kubandikwa kando ya mgunga.

Ubao wetu una nafasi ya mboga za porini, na majina mengi hatunayo. Wazazi mkija siku ya kututembelea, twaomba mlete mbegu au jani la mlenda, mgagani na nyingine mzijuazo, pamoja na karatasi yenye jina la Kisukuma na namna ya kupika. Atakayezipokea ni mwalimu wa maktaba.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne