Land Rover Series III ya Petroli: Maswali na Majibu ya Kupoza na Kuwasha

(Marudio kwa wanafunzi wa ufundi magari. Injini ni ya silinda 4, lita 2.25.)

Swali la 1. Gari linachemsha likipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Rejeta haivuji, mkanda wa feni umekaza. Utakagua nini kwanza?

Jibu. Mfuniko wa rejeta. Wengi huuona kizibo tu, kumbe ndio unaoshikilia presha. Bila presha, maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, na Nairobi kwa nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa pauni 9 hukipandisha kiwango hicho hadi nyuzi 110 hivi hata huko Nairobi. Mpira ukikauka au springi ikilegea, faida hiyo yote imepotea. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

Swali la 2. Fundi anashauri thamostati itolewe kwa sababu nchi zetu zina joto. Unakubali?

Jibu. Sikubali, na natamani desturi hii ife. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake la kazi, hula petroli, na silinda huchakaa upesi. Ipime kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, uyachemshe taratibu. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Ikigoma, nunua nyingine.

Swali la 3. Mfumo wa maji ni mzima kabisa, na gari bado linachemsha. Kwa nini?

Jibu. Angalia upande wa moto. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Fungua distribyuta utazame pointi. Kisigino chake, kile kipande kinachosuguana na kamu, huliwa kidogo kidogo. Kikiisha, nafasi kati ya pointi hupungua, zinachelewa kufunguka, na cheche nayo inachelewa. Petroli inabaki ikiungua wakati pistoni imeshashuka. Joto ambalo lingeisukuma pistoni linaingia kwenye kuta za silinda na vali za ekzosi, kisha kwenye maji. Gari linakosa nguvu, na linachemsha. Kubadilisha rejeta hapo ni kumtia hasara mwenye gari.

Swali la 4. Utarekebishaje?

Jibu. Zungusha injini mpaka kisigino kikae juu kabisa ya nundu ya kamu, upime kwa fila geji: 0.35 hadi 0.40 mm. Nafasi kwanza, taimingi baadaye, kwani ukigusa nafasi umegusa na taimingi. Paka kamu grisi kidogo sana. Ikizidi itarukia pointi.

Swali la 5. Pointi mpya zimeungua upesi zikawa nyeusi. Nani wa kulaumiwa?

Jibu. Kondensa. Hiyo ndiyo humeza umeme unaotaka kuruka pointi zinapoachana. Ikifa, cheche ya plagi huwa ya njano na dhaifu badala ya buluu.

Swali la 6. Taja mpangilio wa kuwaka.

Jibu. 1-3-4-2, rota ikizunguka kinyume cha saa. Andika namba kwenye kila waya wa plagi kabla hujauchomoa.