Mafuta na Gundi ya Motere ya Kinu

Ndugu zangu wa mugini, motere ya kusaga mahindi ikifunguliwa, hatari kubwa ni siku ya kuifunga tena.

Kwanza osheni vyuma vyote kwa mafuta ya taa, mukavikaushe. Kiisha pakeni mafuta safi ya motere kila fasi chuma kinaposugua chuma: shafti, pistoni, silinda. Sababu gani? Motere ikianza kuzunguka, mafuta ya chini hayajafika juu bado, na chuma kikavu kinakula chuma. Mafuta ya mawese hapana. Moto unayafanya mazito na yenye kunata. Grese ya magurudumu hapana vilevile, inaweza kuziba tundu ndogo za mafuta.

Gundi ya kuziba ndiyo iliyonidanganya mimi. Nilifikiri nyingi ndiyo nguvu. Nilipokaza buloni, iliyozidi ikaingia ndani, ikakauka, ikakatika, ikaziba chujio la mafuta. Siku ya tatu motere ikakwama, shafti imeungua. Wamama wakarudia kutwanga miezi miwili, na mimi nilipita njia ya nyuma.

Basi tieni mustari mwembamba, milimetre 2 au 3, upande wa ndani wa tundu za buloni. Ngojeni saa 24 mbele ya kumwaga mafuta. Kati ya kichwa na silinda musitie gundi hii. Wekeni bamba jipya la kuziba, kavu.

Mbele ya kuwasha, fungeni mazuti, zungusheni gurudumu kwa mukono mara nyingi. Likikwama, musilazimishe: fungueni tena.