Kerneli mpya imegoma kuwaka?

Fundi wa Mtopanga uliyejijengea kerneli yako ya Linux, usikimbilie kufuta diski. Washa tena ukishikilia Shift (mashine za UEFI bonyeza Esc), menyu ya GRUB itokee, uchague kerneli ya zamani. Ndiyo maana kerneli ya zamani haifutwi mpaka mpya iwake.

Kisha soma kosa lililotolewa na kerneli mpya. “unknown-block(0,0)” maana yake kerneli haikuiona diski: aghalabu draiva ya NVMe au AHCI imeachwa nje, au imewekwa kama moduli bila initramfs ya kuipakia. Iweke y, pamoja na ext4. Nambari zisipokuwa sufuri, shuku mfumo wa faili au root=.

Usanidi usiuanzie patupu; nakili faili ya config iliyo /boot, ya kerneli inayowaka, halafu endesha make olddefconfig. Na kwa stima yetu hii ya kukatikakatika, jenga kerneli betri ya kompyuta ikiwa imejaa.