Kupima Hoja: Shauri la Pipa la Maji

Darasani tulifundishwa kwamba hoja hupimwa kwa sababu zake, wala si kwa sauti ya msemaji. Muhula huu nilipata mahali pa kulijaribu somo hilo, nyumbani kwetu Mbagala, wilaya ya Temeke.

Sisi tu wapangaji watano, na ua wetu ni mmoja. Maji ya bomba hayaji kila siku, kwa hiyo vyombo hukaa vimejaa. Siku moja mtoto wa jirani, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikutwa kichwa kimo ndani ya ndoo. Alitolewa akiwa hai. Jioni ile mwenye nyumba akatuita, akataka kila chombo cha maji kifunikwe, na mafuta ya taa yasitiwe tena katika chupa za soda.

Mzee mmoja akasema, "Wanangu, sisi tulikua bila vifuniko, na tu wazima." Watu wakacheka, wakakubali. Nami nilikubali, mpaka nilipolala nikafikiri: wanaoweza kusema maneno yale ni waliopona tu. Aliyekufa maji haji barazani kutoa ushahidi.

Mama mmoja akasema kumwangalia mtoto ni kazi ya mzazi. Ni kweli. Lakini kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa kadiri ya mwili wake. Akitumbukia ndooni hawezi kujiinua, na mara nyingi hapigi kelele. Maji kidogo na dakika chache zatosha, na hata mama mwangalifu hugeuka kuepua chungu. Hoja yake yaonyesha kwamba kifuniko peke yake hakitoshi. Haionyeshi kwamba hakihitajiwi.

Upande wetu nao ulikosa. Kaka yangu alidai Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeagiza mapipa yafunikwe. Sheria hiyo yamtaka mzazi amkinge mwanawe na hatari za mwili, pipa haikulitaja.

Juu ya chupa, kijana mmoja alisema kanuni ya nini, mtoto akinywa mafuta si atapishwe tu? Hoja hii ndiyo mbaya kupita zote, maana mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakodhuru zaidi. Mtoto asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

Yule mzee ndiye aliyetangulia kununua kifuniko, ingawa hata leo husema walikua bila hicho. Chupa moja ya soda yenye mafuta ingali chini ya meza ya jirani aliyenizidi umri sana, nami sijapata bado maneno ya kumwambia.