Tujifunze Kiingereza: Kitenzi "have" na mtego wa "nina"

Katika somo hili tunaangalia kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "have". Ni kifupi na kila mtu anakijua, lakini kinawasumbua wengi, hata wale waliokwisha kumaliza kidato cha sita.

Tuanze na anayeumizwa zaidi. Mtoto anayemaliza darasa la saba huko Nyakitonto, wilayani Kasulu, mara nyingi ana lugha mbili tayari: Kiha cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni. Kiingereza amekisoma kama somo moja kati ya mengi. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwalimu anamuuliza umri wake, naye anasimama na kujibu: "I have fourteen years." Darasa linacheka. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa kimya hadi mwisho wa muhula, na anayekaa kimya hajifunzi lugha. Na kumbe hakukosa akili. Ametafsiri kwa uaminifu kabisa: "Nina miaka kumi na minne." Wengi wetu tutakuja kusimama mbele ya watoto kama huyu, kwa hiyo inatupasa kujua kosa lake linatoka wapi.

1. "Nina" imeundwaje?

Tukiichambua "nina" tunapata "ni-", yaani mimi, na "-na", yaani pamoja na. Ndani yake hakuna kitenzi. Kitenzi kinajitokeza tukiuacha wakati uliopo: "nilikuwa na", "nitakuwa na". Basi Mswahili anapokuwa na kitu, kwa maneno yake mwenyewe yuko pamoja nacho. Ndiyo maana tunaweka katika kapu moja kalamu, ndugu, njaa, haraka na umri: nina kalamu, nina ndugu, nina njaa, nina haraka, nina miaka 14.

Kiingereza kina makapu mawili, "have" na "be". Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel alitoa mwaka 1935 kitabu juu ya tofauti iliyopo baina ya kile mtu alicho na kile mtu alicho nacho. Sisi tunakutana na swali hilo katika falsafa. Mtoto wa kidato cha kwanza anakutana na swali la jirani yake katika sarufi, ila hakuna aliyemwambia kwamba lipo.

2. "Have" au "be"?

Kitu, ndugu na ugonjwa huchukua "have":

- Nina kalamu mbili: I have two pens.
- Nina dada watatu: I have three sisters.
- Nina malaria: I have malaria.

Umri na hali nyingi za mwili au za moyo huchukua "be":

- Nina njaa: I am hungry.
- Nina furaha: I am happy.
- Nina hakika: I am sure.
- Nina haraka: I am in a hurry.
- Nina miaka 14: I am fourteen years old.

Kanuni ya kukusaidia ni hii: angalia neno la Kiingereza linalofuata. "Hungry", "happy" na "sure" ni vivumishi, navyo hukaa na "am", "is" au "are". "Pen", "sister" na "malaria" ni nomino, nazo hukaa na "have". Kwa sababu hiyo tunasema "I am sick", lakini "I have a fever".

Wakati uliopita nao una mtego wake. "Jana nilikuwa na homa" si "Yesterday I was with a fever". "Nilikuwa na" yote inabebwa na neno moja, "had": "Yesterday I had a fever." Vivyo hivyo, "nitakuwa na" ni "I will have".

3. "Kina" na "kuna"

Linganisha sentensi hizi mbili:

- Kijiji kina zahanati: The village has a dispensary.
- Kijijini kuna zahanati: There is a dispensary in the village.

Katika ya kwanza kijiji ndicho chenye zahanati, kwa hiyo "has". Katika ya pili tunataja mahali, kwa hiyo "there is", au "there are" kwa vitu vingi. Usiseme "In the village has a dispensary". Ukiona "-ni" ya mahali pamoja na "kuna", "there" huwa haiko mbali. Hali ya hewa ina njia yake: "Nyakitonto kuna baridi asubuhi" ni "It is cold in Nyakitonto in the morning".

4. "I am having two brothers"

Sentensi ya namna hii tunaisikia hata kwa wasomi. "Have" ya kuwa na kitu haichukui "-ing", kwa sababu si tendo linaloanza na kwisha, bali ni hali. Tangazo la Kilatini "Habemus Papam" tulilisikia tena tarehe 8 Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo XIV. Kwa Kiingereza ni "We have a Pope". Hakuna anayesema "We are having a Pope".

Lakini "We are having lunch" ni sahihi, na "We are having a meeting" pia. Hapo "have" imeacha maana ya kuwa na kitu: ya kwanza ni kula, ya pili ni kufanya kikao. Basi jiulize: naweza kuweka "tunakula", "tunakunywa" au "tunafanya"? Kama ndiyo, "having" inaruhusiwa. Kama sivyo, iache.

5. Kuuliza na kukana

"She has a book." Ukiuliza, "has" inarudi kuwa "have", kwa kuwa "does" imekwisha kubeba alama ya nafsi: "Does she have a book?" Ukikana: "She doesn't have a book." Makosa ya kawaida ni "Does she has" na "She doesn't has".

Neno kwa wanaofundisha

Mwanafunzi akikosea, mwombe kwanza aseme sentensi yake kwa Kiswahili. Mwoneshe "-na" iko wapi, kisha mwulize: neno linalofuata kwa Kiingereza ni nomino au kivumishi? Akijua kwamba kosa lake lina sababu, atathubutu kusema tena kesho.

Zoezi

Tafsiri kwa Kiingereza bila kuangalia majibu:

1. Mama ana mbuzi wanne.
2. Shuleni kuna maktaba.
3. Je, Maria ana kaka?
4. Baba alikuwa na haraka.
5. Bibi ana miaka 80.
6. Tunakunywa chai. (Tumia "have".)

Majibu:

1. Mother has four goats.
2. There is a library at school.
3. Does Maria have a brother?
4. Father was in a hurry.
5. Grandmother is eighty years old.
6. We are having tea.

Ukikosa namba 4 au 5, rudia sehemu ya pili. Ukikosa namba 6, rudia ya nne. Kisha tunga sentensi tano zako mwenyewe kuhusu watu wa nyumbani kwenu, uzisome kwa sauti mbele ya mwenzako.